Maji ya Betri na Mazuwari wa Fao

Muuzaji wa kwanza alimletea Mizban chupa ya maji ya kijani.

"Haya ni ya rejeta," Mizban alisema. "Nimekuomba maji ya betri. Yale yanayotokana na mvuke, yasiyo na chumvi hata chembe."

"Hajji, maji ni maji."

"Hapa Basra?" Mizban aliuliza, akatoka bila kusubiri jibu.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na jua lilikuwa tayari limeivisha lami. Alikuwa na muda hadi alasiri. Wiki iliyopita, mbele ya ukoo mzima, mwanawe mkubwa Raad alikuwa amesema kwamba ile gari yake iliyoundwa Brazili, ambayo watu huiita Brazili tu, iliyoingia nchini wakati wa vita vya Iran, imekaa uani mwezi mzima kama kaburi, na kwamba mzee wa miaka sabini na mbili hana haja ya kuendesha. "Ukitaka kwenda mahali, baba, tupigie simu, tutakupeleka." Mizban, aliyeendesha winchi ya bandarini miaka thelathini na minne bila kuangusha hata kreti moja, alijisikia kama furushi linalotafutiwa mchukuzi. Akatamka kwa hasira maneno ambayo hakuweza kuyameza tena: "Ikifika Alhamisi alasiri haijawaka kwa ufunguo wake, mleteni mnunuzi wa chuma chakavu."

Gari haikuwa na ugonjwa. Joto lilikuwa limekausha maji ya betri mpaka mabamba ya ndani yakabaki wazi. Ilihitaji lita moja na nusu ya maji safi, na saa mbili za kuchajiwa. Basi.

Muuzaji wa pili alikuwa na chupa yenye lebo nzuri. Mizban aliomba tone moja, akalidondosha kwenye boneti ya gari nyeusi iliyoegeshwa nje. Kabla hajahesabu hadi ishirini, tone lilikauka na kuacha duara jeupe.

"Unaliona hilo?"

"Vumbi hilo, ami."

"Hiyo ni chumvi ya mto Shatt al-Arab. Umejaza kwenye bomba lako la nyuma ya duka, kisha ukabandika karatasi."

"Sasa wewe unataka betri yako inywe maji bora kuliko wanangu?"

"Ndiyo!" Mizban alifoka. "Wanao wana figo!"

Duka la dawa walikuwa nayo kweli, maji yaliyo safi kabisa, ya kuchanganyia sindano, katika vichupa vidogo kama kidole cha mtoto. Mfamasia alipiga hesabu, akauma midomo asicheke. "Utavunja vichupa mia tatu, Hajji?"

"Unauza au unanionea huruma?"

Hatimaye, ilipokaribia saa sita, teksi ya tatu ilimfikisha kwenye chuo cha ufundi, kwa Ustadha Ibtihal, mtunza maabara aliyekuwa na mtambo wa vioo wa kutonesha mvuke. Mama huyo alikuwa ameshika funguo mkononi, anafunga hadi Jumapili. Mizban alimweleza yote bila kupumua. Ustadha alimtazama, akarudi ndani, akatoka na dumu jeupe la lita tano, limejaa.

"Lita mbili zingetosha," Mizban alisema, akilipokea kwa mikono miwili.

"Chukua zote. Baba yangu naye alikuwa na Brazili."

Alilipakata dumu lile ndani ya teksi njia nzima. Barabara ya Garmat Ali ilikuwa imejaa mazuwari, watu wa mji wa Fao waliokuwa wakienda ziara Karbala kwa miguu kwa ajili ya Arubaini ya Imam Husein, bendera mabegani, miguu imevimba. Kila nyumba ilikuwa imetoa masufuria nje, na wenye nyumba walisimama katikati ya njia wakiwasihi wapita njia wale na wanywe. Mbele ya nyumba ya Mizban, mkewe Nashmiya alikuwa ametandika mikeka tangu alfajiri, na chini ya turubai, kando ya Brazili, kulikuwa na tangi la plastiki la maji ya barafu.

Mizban aliweka dumu kivulini karibu na mlango wa jiko. Akafungua boneti, akaenda kwa jirani kuazima mashine ya kuchajia, akatawadha, akaswali adhuhuri. Aliporudi, dumu lilikuwa limelala ubavu, tupu.

"Nashmiya!"

"Labeka."

"Maji yako wapi?"

"Maji gani?"

"Ya dumu!"

"Yale matamu? Tangi lilikuwa limeisha maji, watu wamesimama juani. Nimeyatia humo na barafu."

"Hayakuwa matamu! Hayakuwa na ladha yoyote! Yalikuwa ya betri!"

Nashmiya alishika kiuno. "Abu Raad, nihukumu kwa haki. Katika mji huu, ambao hata chai tunapikia maji ya kununua, mtu anaweka dumu safi mlangoni pa jiko, siku ya mazuwari, na mimi nijue ni la gari?"

Mizban alikimbilia tangi. Kijana mmoja wa Fao alikuwa anamaliza bilauri ya tatu. "Mungu akulipe, Hajji. Maji mepesi hivi sijapata kunywa."

Nani awezaye kumnyang'anya zuwari maji mdomoni?

"Afya, mwanangu," Mizban alisema, meno yamekazana. "Kunywa tena."

Nashmiya alimfuata na kunong'ona, "Tia ya bomba basi. Iwake leo tu, Raad aione."

"Betri itakufa kabla ya mwezi kwisha."

"Lakini leo itawaka."

Alisimama akiutazama mpira wa bomba kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, na jambo hilo lilimuudhi kuliko yote ya siku ile. Kisha akafunga boneti, akavuta kiti hadi langoni, akaketi kungoja kushindwa kwake.

Alasiri ilipoadhiniwa, Raad alifika, na nyuma yake Shnawa, mnunuzi wa vyuma, na lori lake la kuvutia magari.

"Imewaka, baba?"

"Haikuwaka."

"Nasikia umezunguka na teksi tatu kutafuta maji ya gari."

"Chukueni mlichofuata, msinichezee."

Shnawa alikunjua mnyororo, akafungua mlango wa Brazili atoe gia. Akaganda. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala bibi mmoja, abaya imemfunika uso, nyayo zimefungwa vitambaa, anakoroma.

"Ametoka Fao," Nashmiya alisema akikoroga sufuria. "Siku ya nne leo. Nimemwambia apumzike humo."

"Mama, mwamshe," Raad alinong'ona.

"Mwamshe wewe."

Raad alimtazama Shnawa. Shnawa alikuwa tayari anauviringisha mnyororo, taratibu, pete moja moja, ili usipige kelele. "Mimi simwamshi zuwari. Nina watoto nyumbani."

"Akiamka mwenyewe je?"

"Kuna mwenzake anasubiri nafasi," Nashmiya alisema. "Na wengine wako nyuma."

"Watakwisha kupita lini?"

"Siku sita. Saba."

Raad alimgeukia baba yake. "Mmepanga hili!"

"Ningekuwa na uwezo wa kupanga jambo na mama yako," Mizban alisema, "maji yangu yangekuwa ndani ya betri."

Mtu mmoja barabarani alikuwa anaomba maji, na aliyekuwa karibu na tangi ni Raad. Akachukua bilauri. "Baada ya Arubaini basi," alisema, bila kumtazama mtu.

Mizban alikuwa tayari ana simu sikioni.

"Ustadha Ibtihal? Ni mimi, yule wa leo. Nisikilize, Jumapili asubuhi…"

"Sauti!" Nashmiya alimkemea, akionyesha kiti cha nyuma.

"Jumapili," Mizban alinong'ona, mkono umefunika simu. "Lita mbili tu. Hapana, Ustadha. Wameyanywa."