Bahari Iliyotangazwa Kupona

Kokuhirwa alipoliona kosa alipiga ukelele, na wifi yake Jovitha akatoka mbio jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi, akidhani nyoka ameingia sebuleni.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nyoka!"

"Hakuna nyoka, wifi. Nimekosea!" Kokuhirwa alikuwa anacheka huku machozi yanamlengalenga. "Nimekosea hesabu!"

Jovitha alimtazama, akaitazama kompyuta iliyokuwa mezani, akarudi kwenye ndizi zake. Tangu wifi yake aje kutoka Dar es Salaam kumuuguza mama, alikwisha kuzoea kumsikia akibishana na kioo kile peke yake. Ila mtu wa kushangilia kukosea hakuwahi kumwona.

Kokuhirwa alikuwa mtoto wa kijiji cha Ihembe, wa kibanja, shamba la nyumbani, cha migomba na mibuni, aliyekwenda kusomea bahari kabla hata hajaiona. Sasa alikuwa mtafiti, na utafiti wake ulihusu mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho, inayoelea juu ya maji ya Bahari ya Hindi. Wenzake waliiita planktoni. Yeye, hasa akiwa nyumbani, aliiita vijimea. Vijimea hivyo huvuta hewa ya ukaa kama mgomba unavyovuta. Vingine huliwa na vidudu vinavyoelea pamoja navyo. Vingine hufa na kuzama taratibu, na kaboni iliyomo ndani yake huzama navyo mpaka kwenye giza la chini kabisa, ikakaa huko vizazi na vizazi bila kurudi angani. Kazi ya Kokuhirwa ilikuwa kuijenga bahari hiyo ndani ya kompyuta kwa hesabu tupu: joto la maji, mwanga, mbolea inayopanda kutoka chini, kuliwa, kufa, kuzama. Kisha aliiacha bahari yake isonge mbele, kwenye miaka ambayo hakuna aliyeifikia, aone itakuwaje.

Ilikuwa inakwenda vibaya. Kila alipoiendesha, vijimea vikubwa na vizito, vile vinavyozama vizuri, vilipungua, vikabaki vile vidogo ambavyo huoza hukohuko juu. Bahari ikaacha, kidogo kidogo, kumeza moshi wa wanadamu. Kokuhirwa hakutaka kuyaamini matokeo hayo. Alikuwa ameyakalia muda mrefu, akipekua programu yake mstari kwa mstari, akimwomba Mungu amwonyeshe alipokosea. Na asubuhi hiyo, pale sebuleni kwa mama yake, Mungu alionekana amemjibu. Katika tabaka la juu la maji vidudu vilikuwa vinakula mara mbili. Sehemu mbili za programu zilikuwa zinavilisha, kila moja haijui habari za mwenzake.

Alimpigia Cassian, mwenzake kule kituoni pwani. Cassian ndiye aliyekuwa akitoka na boti kuchota maji na kukokota wavu wa vijimea, ili hesabu za kompyuta zipimwe na bahari yenyewe.

"Cassian, vidudu vimekula mara mbili!"

"Vidudu gani?"

"Vyetu! Ndani ya modeli! Ndiyo maana vijimea vinaisha."

Cassian akashusha pumzi. "Usianze kushangilia. Rekebisha, uendeshe kipande kifupi tuone."

Alirekebisha, akaendesha kipande kifupi. Alasiri matokeo yakaja: vijimea vikubwa vilikuwa vimechanua kama havikuwahi kupungua, na kaboni inazama. Cassian, mtu asiyecheka ovyo, alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. Wakaiagiza mashine kubwa ya kituoni ifanye hesabu nzima, ile ndefu ya mpaka mwisho wa karne, ambayo ingechukua wiki kadhaa. Kisha Kokuhirwa akafunga kompyuta akaingia chumbani kwa mama yake.

Mama Stephania alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, kwa kuwa akilala chali pumzi ilimkatika. Moyo wake ulikuwa umepanuka. Miguu ilivimba, dawa zikaipunguza, ikavimba tena. Daktari alisema waziwazi kwamba zimebaki dawa za kumpa nafuu tu, na alisema hivyo mbele ya mgonjwa mwenyewe kwa sababu Kokuhirwa alisisitiza. Nestory, kaka yake na mume wa Jovitha, alitaka mama afichwe. Walikosana pale pale kwenye korido ya hospitali. "Mama si mtoto," Kokuhirwa alisema siku ile. "Ana haki ya kujua."

"Jovitha ananiambia umepiga kelele," mama alisema.

Kokuhirwa akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza. Alimweleza vijimea kwa migomba, na vidudu kwa ng'ombe walioingia kibanjani na kuhesabiwa mara mbili. Mama aliwahi kuliona ziwa kule Bukoba, bahari hajawahi, lakini alisikiliza kama anayesikiliza habari za mjukuu.

"Kwa hiyo inapona?"

Hapo Kokuhirwa angeweza kusema kwamba hesabu ndefu bado. Alimwona mama amejiinua kwenye mito, uso umechangamka namna ambayo haikuonekana tangu mavuno ya kahawa.

"Ndiyo, mama," alisema. "Inaonekana inapona."

"Asante Yesu. Walau mmoja wetu anapona."

Mwinjilisti Pastory alipokuja na akina mama wa jumuiya kumwombea mgonjwa, Stephania ndiye aliyetangulia kusema. Aliwaambia binti yake ameipima bahari na bahari iko salama. Waliimba. Jumapili iliyofuata Pastory aliitangaza habari hiyo kanisani kama shukrani ya familia, na kwa vile mvua zilikuwa zimewatesa watu misimu kadhaa, kila mmoja aliisikia kwa sikio lake. Nestory alirudi kutoka ibadani akamkuta dada yake anaanika nguo.

"Watu wananiuliza kama mvua za vuli sasa zitakuja kwa wakati."

"Sikusema habari za mvua, kaka. Hayo ni mambo ya miaka mingi, tena ya mbali."

"Basi niwaambie hapana?"

"Usiwaambie kitu. Tusubiri."

Nestory hakuwaambia kitu, na watu wakaendelea kuamini walivyosikia. Njiani wanawake walimsimamisha Kokuhirwa kumpa mkono. Bibi mmoja alimletea mkungu wa ndizi. Naye, lazima isemwe, aliupokea kwa furaha. Siku hizo alimwogesha mama akiimba, akafua, akaanua buni pamoja na Jovitha wingu lilipotanda, na usiku akalala usingizi mzito.

Hesabu ndefu ilikwisha mchana mmoja wa jua kali. Cassian alipiga simu badala ya kuandika, na Kokuhirwa alijua kabla hajaongea. Alitoka nje na simu sikioni, akapita mibuni, akaenda kukaa kwenye majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba, ambako mama asingeweza kumsikia.

"Ni mbaya zaidi," Cassian alisema.

"Zaidi kuliko kwanza?"

"Zaidi na mapema zaidi. Angalia miaka ya mwanzo. Vijimea vinachanua sana, kama tulivyoona. Lakini kwa kuwa haviliwi sana, vinamaliza mbolea yote iliyoko juu. Na maji ya juu yamepata joto, yamekuwa kama kifuniko, mbolea ya chini haipandi. Baada ya hapo vinaanguka, Koku. Na havirudi."

"Umekagua?"

"Nimepitia kila kitu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukwambia. Nilitamani nikute umekosea tena."

Kokuhirwa aliokota jani kavu akawa analichana nyuzi nyuzi. Lile kosa, alielewa sasa, lilikuwa limeipamba bahari yake kidogo: kule kuliwa mara mbili kulikuwa kumeichelewesha mbolea kuisha. Alikuwa ameliondoa pambo, akadhani ameondoa ugonjwa.

"Tutapima na maji ya safari ijayo," alisema. "Huenda bahari yenyewe haikubaliani na sisi."

"Hakuna safari ijayo. Zimesimamishwa zote. Mimi nimehamishiwa ufugaji wa samaki wa mabwawa. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Kwa hiyo hata kama tumekosea..."

"Hata kama tumekosea, hatutajua."

Alikaa pale mpaka kivuli cha migomba kikamfunika. Kisha akanawa uso kwenye ndoo, akaingia kumpa mama uji, akamwuliza kama amepata usingizi. Aliongea mengi jioni hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Aliongea habari za majirani, za bei ya sukari, za kuku. Mama alimwacha aongee. Siku ya tatu, Kokuhirwa akimpaka mafuta miguuni, Stephania aliuondoa mguu wake mikononi mwake.

"Bahari imekuwaje?"

"Iko vilevile, mama."

"Koku. Ulimwambia daktari asinifiche. Uligombana na kaka yako kwa ajili hiyo, mkapigizana kelele mbele za watu. Sasa wewe ndiye unanificha?"

Kokuhirwa alijifuta mafuta kwenye kanga. Alifikiri kwamba anamheshimu mama yake. Alifikiri kwamba mwanamke aliyesikia habari za kifo chake bila kupepesa macho anaweza kusikia na hili. Akamwambia yote: kuchanua, kuisha kwa mbolea, kifuniko cha maji ya moto, kuanguka. Akamwambia na habari za safari zilizosimamishwa. Alimwambia kwa utulivu, kama mtu anayesoma taarifa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso wake ukakunjamana, akaanza kulia. Kokuhirwa hakuwahi kumwona akilia, hata siku ya hospitali, hata walipomzika baba.

"Mama, wewe uliniuliza."

"Nilikuuliza, ndiyo! Nilikuuliza ili uniambie iko salama!" Pumzi zilimkatika, akazisubiri. "Mimi nakwenda. Hayo yangu nimeyakubali. Nilikuwa nakwenda nikijua wajukuu wangu wanabaki mahali pazuri. Nilikuwa na kitu kimoja. Ungeniacha nacho."

"Mama, nisamehe."

"Nipe nafasi nipumzike."

Akageuka akatazama ukuta. Kokuhirwa akabaki na kopo la mafuta mkononi, mguu mmoja umepakwa na mwingine haujapakwa.

Hawakugombana tena. Stephania alimwita alipohitaji maji, alimshukuru alipogeuziwa mto, na aliuliza kama mbuzi wamefungwa. Kuhusu bahari hakusema neno, wala Kokuhirwa hakuthubutu. Mara moja tu, Pastory alipokuja na akina mama na mmoja wao akaanza kushukuru kwa ajili ya maji ya dunia, mama alimtazama binti yake juu ya vichwa vilivyoinama. Haukuwa mtazamo wa hasira. Ulikuwa unamwomba anyamaze, na Kokuhirwa akanyamaza.

Mama alifariki asubuhi, Jovitha akiwa anakoroga uji na Kokuhirwa ametoka kuteka maji. Aliporudi, Nestory alikuwa amesimama mlangoni, mikono inaning'inia.

Walimzika kibanjani, kando ya mume wake. Katika mahubiri Mwinjilisti Pastory alieleza jinsi marehemu alivyopewa faraja kabla ya kuitwa: Mungu alimruhusu mama huyu wa Ihembe asikie kwa masikio yake kwamba bahari kuu zimepona. Watu wakaitikia amina. Kokuhirwa alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele kabisa, na Nestory, ambaye alikwisha kuambiwa ukweli, alimshika kiwiko, bila kuonyesha kama anamzuia au anamsukuma. Kokuhirwa hakuinuka.

Juma lililofuata aliandika taarifa yake, akaeleza kosa, akaeleza masahihisho, akaeleza kilichotokea baada ya masahihisho. Aliituma kwa wote waliopaswa kuipata. Mmoja alimjibu kwamba imepokelewa na akampa pole ya msiba. Wengine hawakujibu. Cassian alimwandikia kwamba meza aliyoiacha kule pwani amekabidhiwa mtu mwingine, na kwamba wavu wa vijimea umewekwa stoo.

Siku aliyofunga mizigo, Pastory alipita kumuaga. Alikuwa mzee mwenye haraka, na pikipiki yake aliiacha ikiunguruma barabarani.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, binti yangu. Unaturudia lini na habari njema nyingine?"

Aliwaza maneno ya mama, akawaza ule mtazamo wake. Lakini mama hakuwapo tena wa kuumizwa.

"Mwinjilisti, ile habari haikuwa kweli. Nilidhani ni kweli. Bahari haiponi. Inakwenda vibaya kuliko tulivyodhani, na hatuna tena njia ya kuifuatilia."

Pastory akaenda akaizima pikipiki, akarudi taratibu.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Na alikwenda hivyo?"

Kokuhirwa akaitikia kwa kichwa.

Mzee alivua kofia, akaigeuzageuza. "Watu wamepanda wakisubiri vuli," alisema. "Wameshukuru. Wametoa na sadaka ya shukrani. Sasa nikawaambie nini?"

"Sijui, Mwinjilisti."

Pastory akavaa kofia yake, akaisukuma pikipiki mteremkoni bila kuiwasha, na Kokuhirwa akaingia ndani kumsaidia Jovitha kukunja matandiko ya mama.