Pua ya Bi Mwamvua

Bi Mwamvua wa Chwaka hakuamini lebo. Stoo yake ya uani ilijaa makopo ya maziwa ya unga kutoka sakafuni mpaka darini, yote sare sare, na ndani yake mavuno ya shamba lake, yaliyokaushwa, yakatwangwa, yakachekechwa: bizari, pilipili, tangawizi, makopa ya muhogo. Humo humo, kwa kuwa stoo ni moja na ubishi ni wake, aliweka na unga wa liwa wa kuwapakia maharusi. Mkwe wake, Salhiya, alipomletea karatasi za kubandika majina, alimtazama kama aliyeletewa sanda.

"Wanaobandikwa majina ni maiti wa hospitali," alisema. "Lebo yangu hii hapa." Akaigusa pua.

Na kweli, pua ilikuwa pua. Alifumba macho, akafungua kopo, akavuta mara moja, akakwambia ni kitu gani na kimevunwa mwaka gani. Alijisifu nayo hata misibani, Mungu amsamehe.

Basi yakaja mafua. Yalipoondoka, yakaondoka na pua. Bi Mwamvua akafyata ulimi. Wali ukiungua jikoni, yeye kakaa pembeni yake anasema, "Mmh, leo Salhiya umepika." Salhiya akadhani anasimangwa, akanuna wiki nzima.

Angemwambia nani? Harusi ilikuwa mlangoni. Ilham, binti wa Salhiya, kalelewa na bibi yake huyu tangu anatambaa, na bibi ndiye somo wake, wa kumsinga mwili kwa liwa na kumfunda. Na Shemsa, shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa mjini mwenye mdomo mpana, aliumezea mate usomo huo tangu siku ya posa. Akisikia somo hanusi, atamnyang'anya. Hilo Bi Mwamvua hakuwa tayari kuliona na roho yake ingali mwilini.

Siku ya singo uani kulijaa wanawake na vigelegele. Bi Mwamvua akaingia stoo kuchukua liwa. Akafungua kopo: unga wa rangi ya mchanga. Akafungua la pili: rangi ile ile. Stoo nzima makopo ya rangi hiyo ni mawili: moja liwa, moja tangawizi. Akavuta pumzi mpaka kifua kikamuuma. Patupu. Angelamba, lakini Shemsa kasimama mlangoni, kamtolea macho.

"Vipi somo, umepotea?"

"Nnachagua," alisema, akabeba moja. Potelea mbali.

Uani chetezo cha udi kilifuka, marashi yakamiminwa kwenye unga mpaka hata mwenye pua nzima asingejua kitu. Ilham akafumba macho, akauleta uso, laini, hauna hata chunusi. Mkono wa bibi ukagoma hewani. Alimpenda mtoto yule kuliko sifa zake, na sifa zake alizipenda sana.

"Subirini," akasema. "Kuna mila mmeisahau. Somo hujipaka mwanzo."

"Mila gani hiyo?" Shemsa akauliza.

"Ya Chwaka. Nyie wa mjini mmebaki na chipsi tu."

Akajipaka uso mzima. Shemsa, asiyekubali kupitwa, akachota kiganja tele, akajisiliba mpaka shingoni. "Na upande wa bwana nao!"

Haukupita muda uso wa Bi Mwamvua ukawaka moto. Shemsa keshalikimbilia pipa la maji, kaingiza kichwa chote, akiibuka anapiga kelele, "Mtume! Nakufa!" Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Bi Mwamvua hakukimbia. "Pua yangu imekufa," alisema mbele ya wote. "Tangu yale mafua. Ilibaki kidogo nikuunguze, mwanangu. Mtafute somo mwengine."

Ilham akamfuta uso kwa kanga yake. Kisha akaingia stoo, akarudi na lile kopo la pili lililoachwa wazi, akalinusa mwenyewe.

"Liwa hii, bibi. Nipake. Mkono mwengine siutaki."

Bi Mwamvua akalia, akasingizia tangawizi.

"Salhiya!" akaita.

"Labeka, mama."

"Zile karatasi zako bado unazo?"

"Ninazo."

"Lete. Ya kwanza andika tangawizi." Akaligeuza shavu lake jekundu. "Ubandike hapa."