Jina la Mwenye Mashine

"Soma mwenyewe. Hapo pameandikwa jina la nani?"

Mume wangu alinisogezea risiti hadi puani, kana kwamba sijui kusoma. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga, natazama kipimajoto. Mlangoni alisimama rafiki yake, fundi friji, na toroli na kamba.

"Jina lako," nikasema. "Na hela za nani?"

"Hela hazina jina. Risiti ndiyo ina jina."

"Baba watoto, akiba ya miaka minne ile. Mkono huu ndio uliozihesabu pale kaunta."

"Kwa hiyo nikuombe ruhusa kuuza kitu changu? Vifaranga ni kazi ya uani. Duka la spea ndiyo biashara."

"Kaka yako ameshafilisi maduka mawili. La tatu unataka alifilisi kwa hela ya mashine yangu."

"Yangu."

Fundi friji akakohoa. "Shemeji, mimi naweza kurudi mchana."

"Huendi popote," mume wangu akamwambia. "Umeshalipa."

Ilikuwa yake kweli, na aliyeifanya iwe yake ni mimi. Miaka mitatu kabla, alipunguzwa kazini akakaa wiki tatu anatazama ukuta. Siku ya kununua mashine nilikwenda naye ili apate kutoka nje. Muuzaji akashika kalamu akauliza aandike jina la nani. Nikamwona mume wangu anatazama viatu vyake. Nikataja jina lake. Mimi huyu, mwenye stashahada ya biashara, niliyekaa mihula miwili nikifundishwa kwamba mali ni ya aliyeandikwa! Alinishika mkono njia nzima hadi nyumbani. Nilidhani nimenunua vitu viwili kwa bei ya kimoja.

"Leo ni siku ya kumi na nane," nikamwambia. "Mna mayai mia nne na themanini humu ndani. Nimeyamulika moja moja, yana uhai. Zimebaki siku tatu tu. Acha yatotolewe, kisha chukua mashine uende nayo unakotaka."

"Kaka anafungua duka kesho. Halafu mayai sijauza mimi. Mayai yako, toa."

"Nitoe niyaweke wapi? Niyalalie?"

Akacheka. Akamgeukia rafiki yake ili wacheke wote. "Si una mwili wa kutosha?"

Fundi friji alikuwa anatazama kamba yake.

Vifaranga vile vilikuwa vimeshaagizwa. Wanawake kumi na mmoja walinilipa nusu, na nusu hiyo ilishakuwa karo ya binti zetu wawili. Mayai yakifa, nisingekuwa na cha kuwapa wala cha kuwarudishia, na nisingeaminiwa tena na mtu.

Nikasimama. Mayai ya siku kumi na nane yakitoka kwenye joto huvumilia nusu saa hivi, yakifunikwa vizuri labda zaidi kidogo. Mitaa miwili kutoka kwetu yupo mwanamke mwenye mashine mbili, tunamwita Mama Majogoo. Tulikuwa hatusalimiani tangu aliponinyang'anya wateja kwa kushusha bei, nami nikatangaza kwamba vifaranga vyake vina miguu ya kupinda. Nikampigia simu hapo hapo, mbele ya wanaume wote wawili.

"Ni mimi, wa vifaranga, wa geti la bluu."

"Ahaa. Yule bingwa wa miguu ya kupinda."

"Niliongopa. Una nafasi kwenye mashine?"

Hakuuliza kumetokea nini. "Ya siku ngapi?"

"Kumi na nane. Mia nne na themanini."

"Vikitoka, nusu yangu."

"Huo ni wizi, mama. Robo."

"Basi yalalie."

Mtego ni mtego, nami nilikuwa ndani yake. "Theluthi."

"Theluthi, na utakuja kunichanjia vyangu mwezi mzima."

"Nakuja."

Nikaingia chumbani nikang'oa blanketi kitandani, lile zito la watu wawili. Nikaanza kupanga trei kwenye toroli la fundi friji.

"Wewe! Toroli hilo limekuja kubeba mashine," mume wangu akasema.

"Lina jina lako?"

"Ni langu, shemeji," fundi akadakia. "Tumia. Ngoja nikusukumie."

Tulifunika trei zote kumi na sita, tukatoka. Kila penye shimo barabarani nilishika toroli kwa mikono miwili, naye fundi akawa anaomba radhi njia nzima, mara kwangu, mara kwa mayai. Nilimwambia anyamaze asukume.

Mama Majogoo alikuwa mlangoni. Alichukua yai moja akaligusisha kwenye kope la jicho lake, ndivyo tunavyopima joto tukiwa na haraka.

"Bado lina joto. Ingiza."

Tuliingiza yote. Mlango wa mashine ulipofungwa, akavuta kitabu chake cha risiti. "Tuandikishane, nisije nikasikia nimekuibia. Niweke jina la mzee? Wengi huku huandikisha la mzee."

"La mwenye mayai," nikasema, nikamtajia majina yangu yote matatu.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mume wangu.

"Si upokee?"

"Andika kwanza."

Akaandika, akapiga muhuri. Nikasoma herufi kwa herufi, kwa maana sasa nilikuwa nimejifunza kusoma. Simu ikaita tena. Nikaizima, nikaikunja risiti mara nne, nikaitia ndani ya sidiria, mahali ambapo tangu saa ile mume wangu hana shughuli tena.