Shangazi Sumu wa Pili

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa Shangazi Sumu. Ndilo jina nililopewa kwenye tamthilia ya saa moja jioni, na ndilo lililonifuata benki, hospitalini na kwenye foleni ya mikate. Nimedhulumu yatima urithi. Nimevunja ndoa sita, moja nikaivunja mara mbili. Muuza nyama mmoja aligoma kunipimia mpaka nimrudishe mtoto wa watu kwa mama yake. Nikamwahidi atarudi Alhamisi. Tulikuwa tumesharekodi, kwa hiyo nilijua.

Katikati ya hapo nilifanya pia kipindi cha vichekesho, nikiwa jirani anayekuja kuazima chumvi. Mlango ukifunguka tu, watu hoi kwa kicheko, sijasema neno. Niliazima kwa miaka mitatu na sikuirudisha hata siku moja.

Mama aliangalia vyote. Hakuwahi kunisifu. Alikuwa akisema, "Una roho mbaya wewe," halafu anasogeza kiti karibu na televisheni.

Kisha mwongozaji wetu akaacha kazi, na mtayarishaji akaniuliza kama nafasi naitaka. Nilikuwa naitaka kwa miaka minane. Nilikuwa nimechoka kusimama kwenye alama ya utepe sakafuni, niliyowekewa na mtu asiyejua kwa nini nisimame pale. Sharti lilikuwa moja: nimtafute mwingine wa kuvaa wigi langu, maana Shangazi hawezi kufa, watu wa sabuni wanamdhamini.

"Watazamaji si watashangaa?" nikauliza.

"Tutaweka mtu amwambie, Shangazi, siku hizi umependeza."

Nikampata mwanamke aliyekuwa akisoma matangazo redioni. Studio nzima ikamwita Shangazi wa Pili. Siku alipoonekana mara ya kwanza, Mama akanipigia simu kipindi hakijaisha.

"Nani huyo kavaa nguo zako?"

Nikamweleza kwamba mimi sasa ni mwongozaji. Naamua watu wasimame wapi na waseme vipi.

"Si wameandikiwa cha kusema?"

"Wameandikiwa, Mama."

"Sasa kazi yako wewe ni nini?"

Baadaye nikasikia amewaambia ndugu kwamba napumzika kidogo. Katika ukoo wetu, anayepumzika kidogo ni mtu aliyemwaga unga, kafukuzwa kazi. Iliniuma sana. Nina miaka arobaini na saba, na kitu nilichokuwa nakitaka ni kimoja tu, mama yangu aone kazi yangu. Na kazi niliyoichagua ni ya kutoonekana.

Wiki ya saba Shangazi akaletewa habari kwamba mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimfukuza nyumbani, amefariki. Mswada ulisema: anaanguka, anagaragara, analia kwa sauti. Lile zulia nimegaragara juu yake miaka yote hiyo, nalijua hadi harufu. Shangazi wa Pili aligaragara vizuri mno, mara tatu. Mpiga picha akatazama saa yake. Hakuna aliyemhurumia, hata mimi.

"Usilie," nikamwambia. "Nyamaza. Endelea kukunja nguo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ziishe."

Akakunja shati, akakunja taulo. Akafika kwenye soksi isiyo na mwenzake, akamtafuta kapuni, akamtafuta tena, kisha akaikunja hivyo hivyo, peke yake. Sikusema kata. Niliacha kamera iendelee mpaka fundi wa sauti akaanza kuvuta kamasi na kutuharibia.

Mtayarishaji alipoiona akashika kichwa. "Dakika nzima hakuna anayesema! Watu watadhani televisheni zao zimekufa."

Nikamwambia irushwe hivyo hivyo, ama wigi avae yeye.

Jumapili mchana, kwenye marudio ya kipindi hicho, ambacho Mama alikuwa hajakiona, nilikwenda kwake, nikaketi kando yake bila kumwambia chochote. Shangazi alipoanza kuitafuta soksi, Mama alikuwa anakunywa chai. Kikombe kikabaki hewani. Machozi yakamtoka na hakuyafuta, na mimi nikaiacha televisheni, nikawa namtazama yeye.

"Mama yake huyu ana raha," akasema mwishowe. "Kuzaa mtu anayejua kulia namna hii!"

"Hakuzaliwa hivyo, Mama. Kafundishwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akanigeukia, akanipima juu mpaka chini. "Sasa mbona wewe mwenyewe hukuwahi kulia hivyo?"

Ikabidi niseme kweli. "Hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze."

"Hakuna? Mimi nimekuambia tangu una miaka miwili."

Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Nikamwonyesha langu kwa kidole, lakini mpaka apate miwani lilikuwa limeshapita. Akaendelea kupakodolea macho pale lilipokuwa, mpaka tangazo la sabuni likaingia.

"Hao wanaopitisha majina," akauliza, "na wenyewe wanakusikiliza?"

"Wananisikiliza."

"Basi waambie lako lipite polepole. Nataka kulisoma lote."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikamwambia nitawaambia kesho asubuhi, nikiingia tu kazini.