Ni Marufuku Kupanda

Ukitaka kuijua baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, usiwaulize watu wa chini. Muulize Nthoki, ambaye alfajiri hiyo alikuwa juu ya paa la ghorofa ya saba kule Kayole, akiifunua miche yake ya kunde magunia aliyoifunikia usiku. Upepo wa huko juu hauna adabu. Unapenya chini ya leso mpaka kwenye mifupa, na mche usiofungwa vizuri unaulaza chali. Kunde ni mboga ya Ukambani, imezoea joto. Mama mkwe wake kule Makueni alikuwa amecheka hadi akakohoa aliposikia kunde zimepandwa Nairobi, tena juu ya nyumba. Lakini Nthoki alizibembeleza tu, mpaka zikakubali kukaa hapo katikati ya matangi ya maji na kamba za nguo.

Hazikuwa kunde peke yake. Kulikuwa na magunia ya sukuma, ya managu, ya spinachi, na chini ya tangi kubwa kibanda cha kuku watatu. Udongo wote ulipanda na yeye mgongoni, mtungi baada ya mtungi, maana lifti ya Kayole ni magoti yako. Mbolea ilikuwa kinyesi cha kuku na maranda ya mumewe, Munyao, mchonga vinyago. Siku hizi Munyao hachongi sana. Vumbi la mbao limemkaba kifua, akipanda ghorofa moja hupumzika mara mbili. Kwa hiyo yale magunia ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha. Jioni Nthoki huteremka na mafungu ya mboga, anauza hapo getini, na kinachobaki kinaingia sufuriani. Bila magunia, nyumba hiyo inalala njaa, na hilo kila mpangaji alilijua.

Kwenye mlango wa chuma wa kutokea paani palikuwa na ubao wa mjakaranda, herufi zimechongwa kwa patasi: NI MARUFUKU KUPANDA. Aliyeuchonga ni Munyao mwenyewe, mwaka ule Frankline, mtoto wa Awiti wa ghorofa ya sita, alipopanda huko kurusha tiara akaponea chupuchupu kuanguka. Mwenye nyumba ndiye aliyeagiza ilani. Awiti, ambaye Kiswahili cha shule hakijamtoka kichwani, alimwambia Munyao aandike "kukwea."

"Nani anakwea Kayole?" Munyao alicheka. "Hapa sisi tunapanda."

Basi ikawa hivyo. Na baadaye ni mwenye nyumba huyo huyo aliyempa Nthoki ufunguo wa mlango ule. "Lima tu, mama, mradi usinisahau." Hakusahauliwa. Kila alipokuja kukagua ploti yake hiyo ya kupangisha, buti ya gari lake ilirudi na managu, tena ya kuchaguliwa.

Asubuhi hiyo Nthoki alikuwa akimwagilia sukuma kwa maji ya kusuuzia nguo aliposikia mlango ukilia. Alikuwa Odera, msimamizi wa ploti.

"Habari ya asubuhi, Mama Kanyiva."

"Nzuri, Odera. Leta mfuko nikuchumie, managu yako tayari."

"Leo sijakuja na mfuko." Macho yake yalikuwa kwenye viatu vyake. "Mwenye nyumba amesema hii paa iwe wazi leo. Kuna watu wanakuja kuweka bango la matangazo, lile kubwa la taa."

"Leo leo? Na mboga zangu?"

"Amesema ziondoke."

"Ziondoke ziende wapi? Ziko na miguu?"

"Mama Kanyiva, mimi nimetumwa tu."

Nimetumwa tu! Hilo neno limebomoa nyumba nyingi kuliko tingatinga. Huyu Odera alikula managu ya Nthoki wiki baada ya wiki, mkewe akayasifu, na siku ya shida akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa kutumwa.

Jua halijaanza kuuma, wakaja. Mbele alikuwa jamaa mwenye koti la kung'aa, kitambulisho kinaning'inia kifuani kimegeuzwa nyuma mbele. Alijiita afisa. Wa ofisi gani, hakusema, na Nthoki alipouliza aliambiwa asiharibie watu kazi. Nyuma yake walikuwepo vijana wawili wa mikono minene. Ngazi zilikuwa zimemchosha yule bwana, akalishika tangi la maji kwanza apate pumzi.

"Mama, nani alikuruhusu kuweka hii shamba hapa?"

"Mwenye nyumba."

"Uko na karatasi?"

"Niko na ufunguo."

Afisa alitabasamu, akageuka, akaunyooshea ubao kidole. "Kwani hujui kusoma? Si hiyo imeandikwa, ni marufuku kupanda? Na wewe umepanda mpaka kunde!"

 Kisha Awiti, aliyekuwa akianika nguo, akapasuka kicheko.

"Wee! Hiyo ni kupanda ya ngazi! Ni ya watoto wasikuje huku juu wakaanguka!"

"Bwana," Nthoki alisema, "ubao huu ameuchonga mume wangu. Ni kupanda kwa miguu. Na kama ni hivyo, hata wewe umepanda. Mbona hujajikamata?"

Wale vijana waliinama wakificha meno. Afisa hakucheka. Mtu mdogo aliyevaa koti kubwa, ukimcheka, umekwisha.

"Sikuja hapa kufanya mtihani wa Kiswahili. Nyinyi, toa hizo vitu zote!"

Nthoki aliomba. Jamani, aliomba! Aachwe azishushe mwenyewe, mpaka jioni zitakuwa zimeshafika chini, hata kwenye korido, hata mlangoni kwake. Afisa akasema jioni ni mbali. Gunia la kwanza la sukuma likabebwa, likapitishwa juu ya ukuta, likaachiliwa. Alilisikia lilipotua kwenye kichochoro cha nyuma, kule maji taka yanakopita. Likafuata la pili. Alilikumbatia la managu kwa mikono yote miwili mpaka Awiti akaja kumbandua, akimwambia, "Wacha, mathe, watakusukuma uende nalo." Kunde, zile za kufunikwa magunia kama watoto wachanga, ziliondoka mwisho.

Kuku nao wakafungwa miguu.

"Hao mnawapeleka wapi?" Nthoki aliuliza.

"Ni ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa ufugaji."

Ushahidi huo, mimi na wewe tunajua, haukufika mbele ya hakimu yeyote. Ulifika kwenye sufuria.

Alimpigia mwenye nyumba simu, naye akashika mara ya tatu.

"Sheria ni sheria, mama. Si uliona ilani?"

"Ilani uliiagiza wewe! Na managu ulikuwa unabeba wewe!"

Simu ikakatwa. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hawa wa siku hizi wanakwambia, halafu wanakuonyesha ubao.

Alimkuta Munyao kichochoroni, amepiga magoti kando ya mtaro, anachota udongo kwa beseni na kukohoa. Udongo ulikuwa umeshachanganyika na uchafu, haukufaa kitu.

"Kosa ni langu, Nthoki," Munyao alisema. "Ningeandika kukwea."

"Ungeandika kukwea, wangesema kunde zangu zimekwea ukuta. Simama, Baba Kanyiva. Usijibebeshe dhambi ya watu."

Jioni wateja wake walipita getini kama kawaida. "Mathe, leo hakuna sukuma?" Hakuna. "Hata managu?" Hata managu. Alikuwa amekalia kile kigoda chake kwa mazoea tu, mbele yake hakuna kitu, Odera alipotokea na gundi na karatasi. Aliibandika kwenye geti, akaenda zake haraka bila kumsalimu mtu.

Wapangaji waliokuwa wakitoka kazini wakasongamana. Karatasi ilisema kwamba kwa sababu ya marekebisho ya paa, kodi ya nyumba zote imepanda kuanzia mwezi ujao.

Nthoki aliisoma. Akarudia kuisoma. Paa lile lile, la mboga zake! Limechukuliwa, limekodishwa kwa watu wa bango, na sasa walionyang'anywa ndio walipie marekebisho. Kisha akaliona lile neno, na hasira zikampanda.

Aliingia ndani akachukua nyundo ya mumewe. Alipanda ngazi zote bila kupumzika. Juu, mafundi walikuwa wakichomelea vyuma, na chini ya miguu yao alama za duara za magunia yake bado zilionekana kwenye saruji. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aling'oa ubao mlangoni, akashuka nao, akaupigilia kwenye fremu ya mbao ya geti, chini tu ya ile karatasi.

"Kodi imepanda," kijana mmoja akasoma kwa sauti. "Ni marufuku kupanda."

Mtu akacheka, wote wakafuata. Kisha kicheko kikaisha, wakabaki wakiutazama.

"Si ndiyo hiyo," Awiti alisema polepole. "Sheria ni sheria. Mimi hiyo nyongeza sitoi."

"Hata mimi," mwingine akasema nyuma.

Munyao alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kwanza, mkono kifuani, akizitazama herufi zake.

Odera alirudi mbio na simu sikioni. "Ndiyo, mkubwa... Nimeona, mkubwa... Nitashughulikia sasa hivi." Akaitia simu mfukoni, akamnyooshea Nthoki mkono. 

"Nipe nyundo, Mama Kanyiva."

Alimpa. Watu wamekwisha kukutupia shamba zima mtaroni, utawanyima nyundo?

Odera aliutazama ubao. Ulikuwa umeshikwa na msumari mmoja, umeinama upande. Alipapasa mfukoni, akatoa msumari mwingine, akaunyoosha ubao kwa kiganja na kuugongomea pembe ya pili mpaka ukakaza.

"Ulikuwa umeuweka vibaya," alisema bila kumtazama mtu. "Upepo ungeuangusha."

Akamrudishia nyundo.