Nafasi ya Mtangazaji

"Ni nzuri sana," alisema dada wa kampuni ya matangazo kutoka upande wa pili wa kioo, "ila tunaomba uongeze furaha kidogo."

Mpiga gitaa aliinamia kinanda, akapandisha noti moja, akaingiza makofi ya kompyuta, na furaha ikaongezeka. Uso wake haukubadilika. Kwake furaha ilikuwa kama chumvi: unaonja, unatia, unakoroga. Wiki ile ile aliyomzika mkewe alitunga wimbo wa maziwa ya mtindi ambao hadi leo watoto wanauimba njiani, na waliokuja kumpa pole walimkuta akipiga mluzi, anatafuta kiitikio. Walisema ana moyo mgumu. Yeye mwenyewe alijipapasa humo moyoni asikute kitu, si kigumu wala laini.

Ujanani alikuwa gitaa la kukodi. Bendi za roki zilipokwama studio zilimpigia simu. Akaingia na viatu vyake vilivyochoka, akapiga ile sehemu ya katikati inayowafanya vijana watikise vichwa, kisha akaondoka kabla mpiga picha hajafika. Majalada ya albamu yalijaa nywele za watu wengine. Mkewe tu ndiye aliyekuwa akimtambua redioni. "Huyo ni wewe," alikuwa akisema huku anakunja nguo. "Unachelewa kufika kwenye noti kama mtu anayetafuta funguo mlangoni." Baadaye yakaja matangazo, na matangazo hayana subira na wachelewaji. Akauacha ule mtindo kidogo kidogo, kama wengine wanavyoacha sigara, akapata kazi nyingi na nyumba nzuri.

Sasa binti yao wa pekee alikuwa amepata kazi nchi ya mbali, safari ni Jumamosi. Walikuwa mezani binti alipoweka kijiko chini.

"Baba, nitungie wimbo wa mama. Nataka niondoke nao."

"Sawa. Urefu gani?"

Binti alisukuma sahani yake kando.

"Na hisia? Huzuni moja kwa moja, au huzuni yenye matumaini?"

"Baba, mimi si mteja wako." Aliyasema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tangu tumzike hujamtaja hata mara moja. Nikishaondoka nitakuwa napiga simu nyumbani kuongea na nani? Mama najua alipo. Wewe sijui."

Alitaka kumwambia kwamba hata yeye hajui. Badala yake akasema, "Utaupata kabla ya Jumamosi."

Aliutunga kwa mchana mmoja, na ulikuwa wimbo mzuri, hilo halina ubishi. Alimsikilizisha fundi mitambo wa studio, rafiki yake wa miaka mingi, aliyekuwa anakunywa chai miguu ikiwa juu ya meza. Mwanzoni fundi alitikisa kichwa kwa raha. Kisha ala zote zikashuka, zikabaki zinanong'ona. Fundi akaweka kikombe chini na kuvuta kipaza sauti karibu, kwa mazoea tu.

"Hapa nani anasoma?"

"Anasoma nini?"

"Maneno ya tangazo. Si umemwachia mtangazaji nafasi? Halafu sekunde thelathini, umefunga. Bidhaa gani hii, ndugu yangu?"

Mpiga gitaa aliurudisha mwanzo, akausikiliza. Kweli kabisa. Alikuwa amempa mkewe sekunde thelathini, na pale katikati, palipokuwa pa kumlilia, ameacha pengo ili mtu mwingine aseme jina la bidhaa na mahali inapopatikana. Hakujua hata alilifanya saa ngapi.

"Ni wimbo wa mke wangu," alisema.

Fundi alirudisha kipaza sauti mahali pake. Akakohoa. "Shemeji angecheka hapa mpaka akae chini."

"Angecheka," aliitika, na ukavu wa sauti yake mwenyewe ukamwogopesha.

Ijumaa binti alikuwa amepiga magoti juu ya sanduku, analilazimisha lifunge, baba alipoingia na gitaa la mbao.

"Nilichomaliza nimekifuta," alisema. "Hiki sijakimaliza."

"Basi piga hicho hicho."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda kilichovuliwa mashuka, akaanza, akakosea, akaanza tena. Alipofika pale katikati mikono ilitaka kumpisha mtu. Akaikatalia. Hakuwa na kitu tayari cha kuweka pale, basi akaweka chochote kilichokuja, kingine kibovu. Sekunde thelathini zilipita. Alizijua bila saa, maana mwili mzima ulisita ukingoja mteja aseme neno. Hakuna aliyesema.

"Mama yako alikuwa anakoroma," alitamka ghafla, vidole vikiendelea.

Binti aliachia sanduku. "Yeye alisema ni wewe."

"Muongo yule. Muongo mkubwa."

Binti akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akajifuta uso kwa kiganja. Miaka ya kinanda na kompyuta ilikuwa imemaliza sugu zote za vidole vya baba. Sasa nyuzi za chuma zilimkata kwenye nyama mbichi. Alivitazama vidole vyake kwa mshangao.

"Vinauma," alisema.

"Basi pumzika, baba."

"Hapana. Acha viume."

Akaendelea kupiga.