Nani Anaua Kobe wa Bun-hiong?

Asubuhi ile kobe mwingine alipookotwa amekufa kwenye bwawa la nyuma ya hekalu, Siok-hun alipiga ukunga mpaka wafagiaji wa ua wakatupa mafagio. Kobe alikuwa wake, hakuna ubishi. Mgongoni, kwa rangi nyekundu, liliandikwa jina la mumewe, Bun-hiong, kwa mwandiko wake Siok-hun mwenyewe ule unaolalia upande mmoja kama mlevi.

"Wameniulia mume wangu!" alilia, kobe kifuani.

Mumewe alikuwa nyumbani, mzima, kavaa fulana ya matundu, anamenya karanga mbele ya televisheni. Lakini uzima wenyewe ulikuwa wa mashaka. Moyo wa Bun-hiong ulikuwa umechoka. Daktari alisema apasuliwe, tena upesi, na yeye akajibu kwamba amekula, amekunywa, ameona wajukuu, sasa watu wamwache. Ukimbembeleza, anaongeza sauti ya televisheni. Siok-hun alishalia, akanuna, akamnyima pombe, akamwita kijana wao kutoka Taipei aje apige magoti sebuleni. Wapi! Mzee yule ukaidi kazaliwa nao.

Ndipo mama wa watu alipokwenda kwa Mama Mazu, mungu wetu wa kike anayesikiliza vilio vya mtaa mzima, akaweka nadhiri. Kila mwezi ukiandama na kila ukiwa mpevu atanunua kobe sokoni, atamwandika jina la Bun-hiong, atamwachia huru bwawani. Roho kwa roho. Mama akiipokea thawabu, amlainishe yule jiwe akubali kisu. Na alikuwa anakimbizana na kalenda: mwezi wa mizimu, wafu wanapofunguliwa kuzurura, ulikuwa unakaribia, na mwezi ule hakuna mtu wa kwetu mwenye akili zake anayepanda kitanda cha kupasuliwa.

Sasa thawabu gani hiyo, kobe wenyewe wanakufa? Yeye anajaza mtungi, kuna mwanaharamu anatoboa chini!

Jioni ilipofika, gari la taka likaingia mtaani na muziki wake, watu wote wakatoka na mifuko. Kwetu sisi habari yoyote ya maana huzungumzwa pale, baina ya mfuko wa maganda na mfuko wa chupa.

"Shoga, hii si ajali," alisema A-Khim, jirani yake, mwalimu wa ngoma za asubuhi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha wafu. "Leo kobe wako, jana ndege wangu. Nimeachia kizimba kizima siku ya kuzaliwa kwa Mama Mazu. Kesho yake nakuta nusu yao chini ya ukuta, miguu juu! Mtu huyo ana sumu, nakwambia."

"Na roho mbaya," alisema Siok-hun.

"Tumtafute sisi wenyewe," alidakia Mzee Liau, mkaguzi wa tiketi wa zamani wa stesheni, akaweka mfuko wake chini kwa heshima kama anayeapishwa. "Mimi mtu nikimtazama usoni tu najua."

"Ulijua nini na wewe?" A-Khim alimcheka. "Si mpwa wako alikuuzia baiskeli yako mwenyewe?"

"Alikuwa ameipaka rangi!"

Kwa hiyo upelelezi ukaanza, na kabla gari halijapinda kona mshukiwa alishapatikana. Khoo, muuza bata bukini mwenye kibanda uani mwa hekalu. Ushahidi? Ana kisu kikubwa. Hasalimii watu. Na Mzee Liau aliwahi kumwona alfajiri pembeni ya bwawa na ndoo, amelowa hadi kiunoni.

"Mtu mwema analowaje alfajiri?" aliuliza Mzee Liau, na wote wakakubali kwamba hapo pana neno.

Wangemvamia jioni ileile, ila Siok-hun ni mcha Mungu. Akataka Mama aulizwe kwanza. Wakaenda hekaluni, wakapiga magoti, Siok-hun akashika vile vipande viwili vyekundu vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, vya kurusha sakafuni ukimuuliza Mama. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, Mama amesema ndiyo. Vyote vikilala chali, vikawa vinabembea sakafuni, Mama anacheka.

"Mama, muuaji ni Khoo?"

Vikaanguka chali vyote viwili. Mama anacheka.

"Hujatamka vizuri," alinong'ona A-Khim. "Taja na kibanda."

"Mama, muuaji ni Khoo, yule wa bata bukini, wa kibanda cha uani?"

Mama akacheka tena. Akaulizwa mara ya tatu, na jina la baba yake Khoo likatajwa, na kijiji alikotoka. Vipande vikabembea pale sakafuni hata vikachelewa kutulia.

"Sakafu imeinama hii," aliamua Mzee Liau. "Mama anakubali. Tumtegee chambo."

Siku ya mwezi mpevu, jua likiwa ndiyo kwanza linapanda, Siok-hun alifika bwawani na kobe mpya. Mnene, miguu mifupi minene yenye magamba, kucha butu, ngozi kavu kama kisigino cha mkulima. Alimbusu mgongoni, juu ya jina la mumewe.

"Nenda ukaishi," alimwambia. "Na umwambie Mama aharakishe."

Kobe alitazama maji, akamtazama yeye, akavuta kichwa na miguu yote ndani. Siku zote walifanya hivyo, na siku zote Siok-hun aliona ni adabu. Akamtia majini taratibu, kisha akakimbilia nyuma ya chetezo kikubwa cha shaba ambako A-Khim alishajibanza. Wote wawili walivaa suti za ngoma za rangi ya waridi, zinazong'aa kiasi cha kuonekana kutoka barabara kuu. Mzee Liau alikaa kwenye benchi na gazeti alilolitoboa matundu mawili. Bahati mbaya alilishika juu chini.

"Mnamwona?" aliuliza Liau kwa nyuma ya gazeti.

"Namwona," alisema Siok-hun.

"Anafanya nini?"

"Anashuka."

"Anashuka wapi?"

"Chini."

"Anaogelea?"

"Haogelei. Anashuka tu."

"Atakuwa anapumzika," alisema A-Khim. "Safari ya sokoni inachosha."

Vipovu vikapanda juu ya maji. Mwanzo vingi, halafu kimojakimoja. Hakuna mtu aliyesogea bwawani. Siok-hun alikodoa macho hadi yakamtoka machozi. Kwenye vile vipovu alikuwa anamwona Bun-hiong na fulana yake ya matundu.

"Yuko chini!" Mzee Liau aliruka kutoka kwenye benchi. "Muuaji yuko chini ya maji! Ana mpira wa kupumulia!"

Hapo hapo Khoo akachomoka kibandani, aproni imejaa mafuta, wavu mkononi, akilaani kwa sauti mambo ambayo hayatajwi mbele ya mungu. Akajitosa bwawani na viatu vyake. Akachota, akakosa, akachota tena, akamtoa kobe.

"Tumekukamata!" walipiga kelele wote watatu, wakamwangukia.

Ilikuwa vita ya aibu. A-Khim alimchapa kwa upepeo wake wa ngoma, pa, pa, pa, kwa mahadhi yaleyale ya kila asubuhi. Mzee Liau alimkumbatia mguu na kumdai tiketi, maana mazoea hayana dawa. Siok-hun alivuta kobe upande huu, Khoo akavuta upande ule.

"Niacheni, wendawazimu nyie! Anakufa huyu!"

Lile neno "anakufa" lilimlegeza Siok-hun mikono. Khoo akamgeuza kobe kichwa chini, akamvuta miguu na kuirudisha, akamvuta na kuirudisha. Maji yakamtoka kinywani. Kobe akapiga chafya.

"Haya," Khoo alihema, maji yakimchuruzika ndevuni. "Wapelelezi wakubwa. Mmekaa hapa muda wote mnatazama. Nani amemgusa kobe huyu leo?"

Mzee Liau akauachia mguu wa Khoo.

"Nauliza!"

"Mimi," alisema Siok-hun.

"Na yule wa majuzi?"

"Mimi."

"Huyu ni kobe wa nchi kavu, mama. Anazama kama tofali! Hukumwona anavyozama? Ungetupwa wewe humu ungeitwa umeachiwa huru?"

Siok-hun alitazama ile miguu minene. Kweli, kwa miguu ile utaogelea nini? Angeweza kuiona siku ya kwanza kabisa, hata mtoto wa chekechea angeiona, lakini yeye alikuwa anaona thawabu tu.

"Kwa nini hukuniambia, Bwana Khoo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuja kwako na ndoo, kobe wako ndani. Kabla sijafungua mdomo ukanibamizia mlango. Ukasema mumeo amekatazwa mafuta, nyumba hii haili bata bukini!"

Ni kweli alisema hivyo. Tena aliongeza na tusi.

Khoo akawapeleka nyuma ya kibanda chake. Uani, palipofungiwa mbao, kobe walikuwa wanatembea wamejaa tele, wanatafuna majani ya viazi vitamu. Walikuwepo wenye jina la mwenyekiti wa hekalu, na la muuza tambi, lakini wengi wao, wakubwa kwa wadogo, walikuwa Bun-hiong. Bun-hiong anakula. Bun-hiong kalala. Bun-hiong kampanda Bun-hiong mwenzake. Hao ndio aliowawahi. Wengine hakuwawahi.

"Na ndege?" aliuliza A-Khim, upepeo umemlegea mkononi. "Ndege wangu wao wana mabawa..."

"Wamezaliwa kizimbani, dada. Hawajui mdudu, hawajui mti. Umewarusha juu kama unapepeta mpunga."

A-Khim alikaa juu ya gogo la kukatia nyama, akafunika uso. Mara ya kwanza mtaa wetu kumsikia amenyamaza.

"Kwa hiyo mshukiwa..." alianza Mzee Liau.

"Nyamaza, Liau!"

Siok-hun alimwinamia Khoo mpaka kiuno kikalia, mara moja, mara mbili. Khoo, ambaye alijiandaa kuendelea kugomba, akaona haya.

"Basi, mama, basi. Wachukue tu. Wamenimalizia majani yote, na mimi kazi yangu bata."

Siok-hun alirudi nyumbani kwa pikipiki, mabeseni mawili ya kobe mbele na nyuma, Liau akimfuata kwa miguu na wa mwisho kamfunga kwenye gazeti lake la matundu. Njia nzima alikuwa na hofu moja: kama kila kobe aliyewekwa bwawani alikuwa roho kwa roho, basi amekuwa akimzamisha mumewe kwa mkono wake mwenyewe, mwezi kwa mwezi, na ubani juu.

Bun-hiong alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, karanga pembeni. Siok-hun akawamwaga kobe sakafuni. Mzee alimwangalia wa kwanza, akasoma. Akamwangalia wa pili, akasoma. Akazima televisheni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba wa kaka yake.

"Mbona wote mimi?"

Akamweleza yote. Nadhiri, bwawa, vipovu, chafya. "Nilitaka Mama akulainishe ukubali hospitali," alimaliza, kamasi zinamtoka. "Nikawaua, Bun-hiong. Kwa jina lako. Sasa hata nikikuomba nitakuomba kwa uso gani? Fanya utakavyo."

Bun-hiong alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika kifua, na Siok-hun akaruka kumshika, naye akamzuia kwa mkono, akaendelea kucheka huku anatweta. Alipotulia macho yake yalikuwa mekundu.

"Hawa wanaishi miaka mingapi?"

"Khoo anasema watatuzika wote."

"Mtoto wetu hawataki."

"Hata paka hamtaki."

"Nani atawatunza, basi?"

"Mimi," alisema Siok-hun, akifuta pua. "Nitawatunza mimi."

Kobe mdogo kuliko wote alikuwa amejikokota hadi kwenye lile beseni la miguu, akainua shingo kuelekea mvuke. Siok-hun akayeyuka kwa huruma. "Maskini, ana kiu huyu," alisema, akamnyanyua kwa mikono miwili, akamsogeza juu ya maji.

"Mweke chini!" Bun-hiong alifoka. Akatoa miguu kwenye beseni, akamnyang'anya kobe, akampangusa tumbo kwa fulana yake. Alikaa naye mapajani kwa muda, anamtazama mkewe, anawatazama wale wengine waliotapakaa chini ya meza.

"Mpigie daktari simu," alisema. "Kabla ya mwezi wa mizimu. Siwezi kufa nikakuachia wewe hawa."